Moteri ndani ya gurudumu la kinga: inafaa nani, na kwa barabara gani?

Kwenye mikutano ya koperative za bonde la Ruzizi kuna swali moja lenye linarudi sasa kila mara, na wanaouliza sana ni wale wanaopeleka tomate, mchele na mihogo ku soko: ile moteri ya umeme yenye wanafunga ndani ya gurudumu la kinga, tununue ao tusinunue? Vijana wameiona kwenye simu. Wafanyabiashara wanasema wanaweza kuiagiza. Swali si la kuchezea, sababu bei ya moteri moja pamoja na betri yake inaweza kumeza akiba ya koperative ndogo, na pesa hiyo ikiisha kutoka, mbegu na mbolea za msimu unaofuata zinabaki bila mlipaji.

Tuseme mapema tunavyoona. Kwa kinga yenye inafanya safari kila siku kwenye barabara ya bonde, na yenye iko na freni za kweli, moteri inaweza kurudisha bei yake. Kwa kinga yenye inatoka mara mbili kwa juma, ao kwa wale wanaopanda milima na mzigo, pesa hiyo itafutiwe kazi ingine. Yanayofuata hapa ni sababu zetu, pamoja na mambo ambayo fundi wenu wa kinga sharti ayajue mbele ya kukata hata waya mmoja.

Seti iko na nini ndani

Wengi wanafikiri ni mashini moja. Hapana, ni vitu vinne ao vitano vinavyofanya kazi pamoja. Kuna moteri yenyewe, yenye inakaa kwenye kitovu cha gurudumu, pale ambapo rayo zote (zile nyuzi za chuma) zinakutana. Kuna kisanduku kidogo kinachoongoza umeme toka betri kwenda ku moteri. Mafundi wanakiita kontrolere. Kuna kishikio cha kuongeza mwendo, sawa na cha piki-piki. Kuna mikono ya freni yenye waya ndani, yenye inazima moteri mara tu unapofunga freni. Na kuna betri, ambayo mara nyingi inauzwa mbali na seti. Hapo ndipo watu wengi wanapata mshangao: bei waliyoonyeshwa ilikuwa ya moteri peke yake, na betri inaweza kufikia bei hiyo ao kuipita.

Pedali zinabaki, na mnyororo unabaki. Betri ikiisha njiani unaendelea kukanyaga kama zamani, ila kinga imekuwa nzito zaidi.

Moteri ziko za namna mbili. Namna ya kwanza iko na meno madogo ndani, na inazunguka kwa nguvu hata kama kinga inaenda polepole. Ni nyepesi, kilo 2 ao 3, karibu na hapo. Namna ya pili haina meno, ni kitu kizito cha kilo 5 mpaka 7, na inapenda mwendo wa haraka. Kwa mkulima mwenye kubeba gunia, sisi tunachagua ile ya meno, tena ile iliyotengenezwa kwa mwendo wa polepole. Muuzaji atawasifia mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Hamna kazi nao. Kinga yenye kilo 90 za mihogo nyuma haipaswi kukimbia hivyo kwenye barabara yetu, na moteri ya mbio inapoteza nguvu wakati wa kuondoka na mzigo. Ubaya wa ile ya meno ni kwamba meno yenyewe kwa kawaida ni ya plastiki ngumu, yanalika kidogo kidogo. Mbele ya kulipa, ulizeni kama meno ya kubadilisha yanauzwa.

Bonde ni rafiki, mlima ni adui

Tufanye hesabu pamoja. Betri inapimwa kwa volti na kwa amperi-saa. Ukizidisha moja kwa nyingine unapata wati-saa, ambazo tunaweza kuzifananisha na lita za mafuta kwenye bidoni. Betri ya volti 48 na amperi-saa 10 iko na wati-saa 480. Usizimalize zote, hesabu 400 za kutumia.

Sasa kinga inakula ngapi? Chukua mwendeshaji wa kilo 65, kinga na moteri na betri kilo 30, mzigo kilo 85. Jumla ni kilo 180. Kwenye udongo ulioshikana vizuri, sawasawa, mwendo wa kilomita 18 kwa saa, bila kukanyaga pedali, moteri itakula kati ya wati-saa 15 na 20 kwa kila kilomita. Ndiyo kusema betri yetu itakufikisha kilomita 20 mpaka 26. Ukiisaidia kwa miguu, bila hata kujichosha, unaweza kukaribia kilomita 35. Kwenye mchanga ao matope hesabu inabadilika kabisa: kinga inaweza kula mara mbili. Pine yenye haina hewa ya kutosha nayo inakula, na hiyo watu wanaisahau. Pampu ya mkono ni rahisi kuliko betri ya pili.

Kwa mwanamemba mwenye shamba liko kilomita 10 ao 12 na soko, kwenye barabara ya bonde, hesabu inatosha: kwenda na mzigo, kurudi mtupu, na kitu kinabaki.

Kupanda ni jambo lingine. Kunyanyua zile kilo 180 mita 100 juu kunaomba karibu wati-saa 50 kwenye gurudumu lenyewe, na ukihesabu yanayopotea kama joto ndani ya moteri, betri inatoa 70 ao zaidi. Hiyo ni juu ya yale matumizi ya kila kilomita. Anayetoka Kamanyola kuelekea Bukavu kwa njia ya Ngomo anapanda mamia ya mita. Betri yote itaishia kwenye mlima, mbele ya kufika.

Na betri si tatizo kubwa kuliko yote hapo. Moteri ya gurudumu haina vitesi. Kinga ikishuka chini ya kilomita 8 ao 10 kwa saa na moteri bado imefunguliwa mpaka mwisho, sehemu kubwa ya umeme haisukumi tena, inakuwa joto. Ukiendelea hivyo, nyaya za ndani zinaungua, ao meno ya plastiki yanalainika. Moteri iliyoungua ndani haitengenezwi kando ya barabara. Kwa hiyo wale wa milima, wa Walungu na Kabare na kwingine, tunawaambia wazi: seti hii haikutengenezwa juu yenu. Ndugu zetu wa Goma walitatua shida ya mteremko kwa chukudu, ambayo inashuka na mzigo na kupanda ikisukumwa mtupu. 

"Vidole" 28 vyenye si 28

Hapa tutakaa kidogo, sababu ndipo pesa nyingi zinaweza kupotea.

Kinga kubwa za chuma zinazobeba mizigo kwetu, zile nyeusi zenye freni za vyuma vilivyonyooka, ziko na magurudumu yanayoitwa 28. Muuzaji wa seti naye ataandika 28. Mtalipa, seti itafika baada ya miezi, na pine yenu haitaingia kwenye janti mpya. Sababu ni kwamba kuna 28 mbili. Janti ya kinga zetu za mizigo iko na kipimo cha milimita 635 pale pine inapokaa. Ile 28 ya seti nyingi ni ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini inatosha kukataza pine, tena inatosha kufanya mipira ya freni isiguse tena janti mahali pake.

Someni nambari zilizopigwa ubavuni mwa pine. Mkiona 635, mjue kwamba gurudumu lililokamilika la seti ya 28 si lenu. Kuna njia mbili za kutoka.

Ya kwanza ni kuagiza moteri bila janti, na kumpa fundi wenu aisuke ndani ya janti ya hapa kwetu. Fundi mzuri anaweza. Lakini ahesabu mashimo kwanza: moteri nyingi ziko na mashimo 36 ya rayo kila upande ukijumlisha, wakati janti za kinga zetu za zamani mara nyingi ziko na 32 mbele na 40 nyuma. Sharti apatikane janti ya mashimo 36. Rayo nazo lazima ziwe fupi kuliko za kawaida, sababu kitovu chenye moteri ni kinene kama sahani, na zikatwe ao zitafutwe kwa kipimo kamili. Tunapendelea rayo nene. Zile nyembamba zitakatika moja moja kila juma.

Njia ya pili ni kufunga seti kwenye kinga ya namna ya VTT, yenye magurudumu ya 26 na pine nene. Seti ya 26 inaingia bila shida, na freni zake za waya zinapatana na mikono ya seti. Ubaya wake ni mwili wa kinga: VTT nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini hazikujengwa kwa kilo 85 nyuma. Kibebeo cha nyuma kitakunjika mbele ya moteri kuchoka. Fundi wa kusoma vyuma, yaani sudere, anaweza kujenga kibebeo chenye miguu inayoshuka mpaka kwenye ekseli ya nyuma, ao kutengeneza kigari kidogo cha magurudumu mawili cha kuvuta. Kigari kinavuta vizuri kwenye bonde. Kwenye kijia cha shamba kinasumbua.

Kati ya hizo mbili, kama iko fundi anayejua kusuka gurudumu, sisi tunachagua kinga ya chuma ya kwetu. Vipande vyake vinapatikana kila soko. Kama fundi huyo hayuko, chukueni VTT ya chuma na mzigo upunguzwe.

Mbele ao nyuma

Kufunga moteri mbele ni rahisi: mnyororo hauguswi, na uzito unagawanyika, mzigo nyuma na moteri mbele. Lakini moteri inapozungusha gurudumu, ekseli yake nayo inataka kuzunguka kinyume. Kama haikushikwa vizuri, itafungua nati, itapanua mdomo wa uma na kutoka. Gurudumu la mbele likitoka kinga ikiwa kwenye mwendo, mwendeshaji anaanguka na uso. Si maneno ya kutisha watoto.

Kwa hiyo: uma wa mbele uwe wa chuma. Wa aluminiamu hapana, hata kama muuzaji anasema inawezekana. Uma wenye springi pia hapana, midomo yake ni milaini. Ekseli ya moteri iko na unene wa milimita 12 na pande mbili zilizochongwa mpaka 10. Uma wa kinga zetu mara nyingi iko na nafasi ndogo kuliko hiyo. Fundi apige tupa kidogo, pande zote sawa, mpaka ekseli iingie kwa kubanwa. Akizidisha, ekseli itacheza.

Halafu kipande chenye tunaona ni cha lazima, hata kama seti haikuja nacho: mkono wa kuzuia ekseli. Ni kipande cha bamba la chuma cha unene wa milimita 5 ao 6, chenye tundu la umbo la ekseli upande mmoja, na upande mwingine kinafungwa kwenye mguu wa uma kwa kola mbili. Sudere anaweza kukitengeneza kwa muda mfupi kutoka mabaki ya chuma. Kiweni viwili, kulia na kushoto.

Waya wa moteri unatoka kwenye ekseli. Uuache ushuke chini kwanza mbele ya kupanda juu, ili maji ya mvua yadondoke pale chini na yasifuate waya mpaka ndani. Jambo dogo, ila linaokoa moteri.

Kufunga nyuma kunaomba nafasi ya milimita 135 kati ya midomo ya fremu, na kinga zetu za zamani ziko na chini ya hapo. Chuma kinaweza kupanuliwa polepole na fundi anayejua. Nyuma gurudumu linashika udongo vizuri zaidi, hasa kwenye mchanga, lakini gurudumu hilo ndilo linabeba mzigo wote, na sasa linabeba moteri pia. Rayo zitalia. Kwa wabeba mizigo, tunasema mbele.

Freni mbele ya moteri

Kama koperative iko na pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, itengeneze freni za kinga zote na iache moteri.

Kinga yenye inaenda kilomita 12 kwa saa ikipandishwa mpaka 24, freni haina kazi mara mbili. Iko na kazi mara nne. Ongeza kilo 85 za mihogo. Zile freni za vyuma vilivyonyooka zinafanya kazi vizuri tu janti ikiwa kavu. Janti ya chuma ikilowa, mipira inateleza, na unaweza kupita mtoto na mbuzi mbele ya kusimama. Katika miezi ya mvua kwetu, hiyo ni kila siku.

Tena mikono ya freni ya seti imetengenezwa kwa freni za waya. Haiungani na vyuma vilivyonyooka. Ukibakiza freni za zamani bila ile mikono, moteri haizimwi wakati wa kufunga freni: unavuta freni, na moteri, kama kishikio kimekwama, inaendelea kusukuma. Tunashauri gurudumu la nyuma lipewe freni ya ngoma, yenye inabana kitovu na haijali maji ya janti, ivutwe kwa waya toka ku mkono wa seti. Mbele zibaki zile za vyuma kama msaada. Kama freni ya ngoma haipatikani, basi afadhali ile VTT yenye freni za waya pande zote mbili. Na kontrolere nyingi ziko na namna ya kupunguza mwendo wa juu. Mwambieni fundi aufunge kwenye kilomita 20 kwa saa. Vijana watanung'unika.

Betri: risasi ao lithiamu

Betri za risasi, zile nzito zenye asidi, zinaonekana rahisi dukani. Ili kupata volti 48 unaunganisha nne za volti 12. Nne za amperi-saa 12 zina uzito wa karibu kilo 16, yaani unabeba ndoo ya maji kila siku bila kuinywa. Tena moteri inavuta umeme kwa haraka, na betri ya risasi ikivutwa haraka inatoa kidogo zaidi ya nusu ya kile kilichoandikwa. Ukiimaliza kila siku, na kuiacha usiku bila kuijaza, mwaka mmoja utakuwa mwingi kwake.

Ya lithiamu yenye nguvu ileile inapima kilo 3 ao 4, na ikitunzwa inaweza kujazwa na kumalizwa mara 500 ao zaidi. Kuna aina moja ya lithiamu yenye chuma na fosfati ndani, nzito kidogo, lakini inaishi miaka mingi zaidi na haishiki moto kwa urahisi. Mkiweza kuipata, chukueni hiyo. Aina ile ingine mara nyingi iko na kobalti ndani, na kobalti nyingi ya dunia inatoka inchini mwetu, Kolwezi na pande zake. Inaondoka kama udongo kwenye makamio, inarudi ndani ya sanduku kwa dola. Tunayaandika haya tu ili mtu asiambiwe kwamba betri ni kitu cha wazungu ao cha Wachina peke yao.

Betri ya lithiamu isifunguliwe na fundi wa radio. Ndani kuna kadi ndogo inayolinda kila seli isijazwe kupita kiasi. Anayeikata ili "kuongeza nguvu" anatengeneza moto. Ijazwe kwa chaja yake peke yake: ya volti 48 kwa kawaida inafikia volti 54,6 na inasimama. Isijazwe juani, wala kando ya kitanda, wala ndani ya depo yenye mbegu na magunia. Ikianguka sana, ikivimba ao ikinuka, itolewe nje ya nyumba.

Umeme utatoka wapi? Mitambo ya Ruzizi iko karibu, lakini vijiji vingi vya bonde bado havina waya. Koperative zenye ziko na paneli za jua kwa mashini ya kunyoa ao kwa simu zinaweza kufanya hesabu hii: paneli ya wati 300, kwa saa 4 mpaka 5 za jua zuri, inatoa wati-saa 1.200 mpaka 1.500, na ukiondoa yanayopotea njiani unabaki na 900 ao 1.000. Hiyo inajaza betri mbili za 480 kwa siku. Chaja ya amperi 2 inahitaji saa 5 kwa betri ya amperi-saa 10, kwa hiyo betri iwekwe asubuhi. Ndiyo maana kinga ya koperative inayotoka asubuhi na tomate iko bora iwe na betri mbili, moja njiani na moja kwenye jua. Msifunge paneli kwenye betri moja kwa moja. Kujaza kwa grupu ya mafuta kunawezekana, lakini basi hesabu ya faida ifanywe upya.

Nani atailipa, na kwa safari ngapi

Tuchukue nambari za mfano. Kila koperative iweke zake. Tuseme seti, betri, usafirishaji, freni na kazi ya fundi vinafika dola 450. Tuseme mzigo mmoja kwa taximoto ni dola 3. Kwa kinga yenye moteri, mwendeshaji apate dola 1 kwa safari, na nusu dola iwekwe kando kwa umeme, pine, na betri ya kesho. Inabaki faida ya dola 1 na nusu kwa kila safari. Gawanya: safari 300.

Safari mbili kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ni safari 40. Dola zote zimerudi kwa miezi 7 na nusu. Lakini safari mbili kwa juma zinaomba karibu miaka 3, na wakati huo betri imekwisha kuzeeka, na sharti inunuliwe ingine. Moteri ni ileile, barabara ni ileile. Tofauti ni mara ngapi kinga inatoka. Ndiyo maana hatuoni faida kwa mkulima mmoja mwenye kinga moja, hata kama iko na pesa. Kinga hii ni ya kikundi.

Na kwa kikundi, tomate zinabadilisha hesabu kuliko mihogo. Mihogo mikavu inaweza kusubiri kesho. Tomate iliyofika saa 5 wakati wanunuzi wamekwisha kuondoka inauzwa kwa bei ya huruma. Pale ambapo kufika saa moja mapema kunaokoa bei ya kreti, faida ya safari moja inapita ile dola 1 na nusu. Ni wanawake ndio wanajua nambari hiyo, sababu ndio wanauza. Waulizwe mbele ya kamati kupiga kura. Tena mara nyingi kinga inakuwa ya wanaume na kichwa kinabaki cha mama: kama zamu ya kinga haikuandikwa na majina ya wamama ndani, moteri itawapeleka vijana ku mpira na gunia litabaki mgongoni mwa yuleyule.

Daftari iwekwe. Tarehe, nani amebeba, kilo, kilomita, betri imejazwa ao hapana. Funguo na betri vikae kwa mtu mmoja aliyechaguliwa, sababu betri ni nyepesi na mwizi anajua bei yake.

Mbele ya kutuma pesa, mwenyekiti aende ku ofisi ya sheferi aulize kama kinga yenye moteri inahesabiwa kinga ao piki-piki kwa kodi na kwa vibariere vya njiani. Jibu lichukuliwe kwa maandishi na mhuri, na nakala ikae ndani ya mfuko wa mwendeshaji.

Seti ikiisha kufungwa, siku ya kwanza msipakie. Mwendeshaji atembee kilomita 5 mtupu, arudi, fundi aguse moteri kwa mkono: ikiwa ya joto ni sawa, ikiwa inachoma kuna tatizo. Kisha akaze nati za ekseli na rayo zote. Arudie hivyo baada ya kilomita 50, tena baada ya 200. Kwenye maji ya mto, kama maji yanafika kwenye kitovu cha gurudumu, ashuke, azime, avushe mzigo kichwani na kinga begani pamoja na mwenzake. Moteri inavumilia mvua. Kuzamishwa haivumilii.